Muulize Muuguzi: Aspirini ya moyo na tumbo la baba

*Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 72, ni fundi seremala na mpaka leo karakana haimpiti. Jirani yetu alianguka akitoka msikitini akafa palepale, watu wakasema ni moyo. Tangu siku ile baba anameza aspirini ndogo kila alfajiri kabla hajatia kitu tumboni, kwa kuwa mpwa wake wa Dar es Salaam alimwambia watafiti wamethibitisha inazuia vifo vya moyo. Yeye hajawahi kuugua moyo wala kiharusi. Magoti yakimsumbua anaongeza diklofenaki ya dukani. Sasa analalamika panamchoma chini ya chembe cha moyo na chakula hakimwendi. Mdogo wangu naye kasoma kwamba watafiti wamethibitisha aspirini haiwafai wazee. Nani mkweli, na je, baba aache?* – Binti Seremala, Makorora, Tanga

Marahaba mwanangu. Nianze na lisilosubiri. Diklofenaki aiache leo. Aspirini nayo asiimeze tena mpaka aonwe na daktari, na aonwe wiki hii. Mtazame choo chake, hata kama ataona haya, maana wazee wetu hawasemi. Kikiwa cheusi kama lami na kinanata, au akitapika damu au kitu cha rangi ya kahawa, au akisimama kizunguzungu kikamwangusha, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali ya Bombo usiku huohuo.

Lakini msomaji mwingine asinichukulie vibaya. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, au aliyewekewa kizibuo (stenti), kile kibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, asiache aspirini yake kwa kusoma barua ya mtu mwingine. Huyo akiumwa tumbo aende kwa daktari wake na dawa zake mkononi.

Sasa nani mkweli? Mpwa ni mkweli na mdogo wako ni mkweli. Kila mmoja ameshika utafiti wa watu tofauti.

Mwaka 1988 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao ISIS-2. Wagonjwa 17,187 waliofikishwa hospitali wakishukiwa kuwa na mshtuko wa moyo waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa aspirini kwa mwezi mmoja, nusu nyingine wakapewa kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa. Baada ya wiki tano, katika kila 100 waliokosa aspirini karibu 12 walikuwa wamekufa kwa moyo na mishipa, na katika kila 100 walioimeza walikufa kama 9. Kidonge cha bei ya chini kabisa dukani kiliokoa watu wawili hadi watatu katika kila mia. Mimi bado naliheshimu jambo lile. Ila wale walikuwa wagonjwa tayari, damu imeshaganda ndani ya mshipa wa moyo.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 2018, ukaja utafiti wa ASPREE wa Australia na Marekani. Huu uliwachukua wazee 19,114, wengi wao wa miaka 70 na zaidi, wasio na ugonjwa wa moyo wala kiharusi. Yaani watu wa aina ya baba yako. Walifuatiliwa karibu miaka mitano. Aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi wakiwa na nguvu na akili zao. Waliovuja damu vibaya, tumboni au kichwani, walikuwa 3.8 katika kila 100 waliomeza aspirini, na 2.8 kwa wasiomeza. Na vifo vya sababu zote, vikihesabiwa pamoja, vilizidi kidogo upande wa aspirini.

Hapo kwenye “vifo vya sababu zote” naomba usimame kidogo, wewe na ndugu zako. Utafiti ukihesabu waliokufa kwa moyo peke yao, mzee aliyepona moyo akafa kwa kuvuja damu tumboni ataonekana ni ushindi wa dawa. Kaburi lake haliko kwenye hesabu. Ndiyo maana mtu akikuletea habari kwamba dawa fulani inapunguza vifo, muulize: vifo vya nini, na vya watu gani?

Kinyume chake kimewahi kutokea pia, na kiliumiza watu wengi. Kulikuwa na dawa ya maumivu iitwayo Vioxx, iliyosifiwa kwa kutochubua tumbo. Mwaka 2000 utafiti wa wagonjwa wa baridi yabisi zaidi ya 8,000 ulionyesha ni kweli vidonda vya tumbo vilipungua. Lakini katika utafiti huohuo waliopata mshtuko wa moyo walikuwa wengi zaidi upande wa dawa hiyo. Ilikuja kuondolewa sokoni Septemba 2004.

Tumbo na moyo vinakutana hivi. Aspirini huzuia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zisishikane, na hilo ndilo linalomsaidia mwenye mshipa mbovu. Lakini hiyohiyo hupunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo usiliwe na tindikali. Kwa hiyo kidonda kinapata nafasi ya kuchimbika, na kikichimbika damu yake haigandi upesi. Diklofenaki inachuna ukuta uleule, tena inapandisha presha na kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Baba anakunywa moja kuulinda moyo na nyingine inayoudhuru, na tumbo linalipa kwa zote mbili.

Nilipokuwa wodini nilikuwa nikipokea mgonjwa wa kuvuja damu tumboni, namwomba mwenzake anipe mfuko wa dawa za nyumbani, naumwaga kitandani. Namkumbuka mvuvi mmoja wa Sahare, viganja vyake vyeupe, kope ukizivuta chini ndani hamna wekundu. Mfukoni mwake mlikuwa na vidonge vya diklofenaki ndani ya kibahasha cha karatasi kisichoandikwa kitu, aspirini iliyokatwa kwenye karatasi yake ya fedha, na dawa nyingine ya mgongo ambayo ukiichunguza ni ya jamii ileile ya diklofenaki. Kila moja ilitoka duka lake, na hakuna muuzaji aliyejua habari ya mwenzake. Tulimwongeza damu akapona. Basi siku ya kwenda kwa daktari, usiache kitu nyumbani. Funga vyote, hata mitishamba ya magoti.

Muombeni pia daktari kipimo cha H. pylori, hata kile cha choo. Huyu ni mdudu anayeishi tumboni na kusababisha vidonda vingi. Barry Marshall wa Australia alimnywa kwa makusudi mwaka 1984 ili aonyeshe kwamba anadhuru tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Mdudu akionekana, hutibiwa kwa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza tindikali. Baba amalize dozi yote, hata maumivu yakiisha mapema.

Na huo moyo anaouogopa? Apimwe presha, zaidi ya mara moja, akiwa ameketi na kutulia. Utafiti wa 2003 hadi 2006 wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi karibu 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na karibu 316 Dar es Salaam, umri ukisawazishwa. Presha ndiyo kubwa katika visababishi vyake. Tena kiharusi kingine ni cha mshipa kupasuka, na mwenye presha isiyotulizwa akimeza aspirini kwa kubahatisha anaweza kujizidishia hatari hiyohiyo. Presha ikiwa juu dawa zipo, na zimejaribiwa kwa watu wetu: utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba amlodipini ikiunganishwa na dawa ya pili inashusha presha vizuri. Atakayemchagulia ni daktari. Wewe kazi yako jikoni: punguza chumvi, na ng'onda isiwe kitoweo cha kila siku.

*Mama yetu alifariki nyumbani, Pongwe. Baadaye wakaja vijana wawili na kishikwambi, wanauliza kama alivimba miguu, kama alitapika damu, kama alikuwa akilala anakosa pumzi. Kaka akawafukuza, eti wanamchimba marehemu. Tumekosea?* – Kitindamimba, Pongwe

Poleni sana kwa msiba, Mungu amrehemu mama. Hamkukosea. Kukataa ni haki yenu, na hakuna huduma mtakayonyimwa kwa hilo.

Ila maswali yale si udaku. Watu wengi hufia nyumbani na hakuna daktari anayeandika sababu. Kuvimba miguu na kukosa pumzi ukilala kunaelekeza kwenye moyo ulioshindwa kazi; tumbo kujaa maji na kutapika damu kunaelekeza kwenye ini. Kwa maswali ya namna hiyo, yaliyoanza kuulizwa mwaka 1992 Dar es Salaam, Hai na Morogoro, ndipo ilipojulikana kwamba kiharusi kilikuwa kikiua wanaume 35 hadi 65 kwa mwaka katika kila wanaume 100,000 wa miaka 15 hadi 64, wakati Uingereza na Wales hawakufika 11. Kabla ya hapo wako waliozikwa ikisemwa ni kurogwa.

Wakirudi, waombeni kitambulisho na kibali cha utafiti cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na wawe wamepitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Waulizeni jina la mama litafichwaje. Mkitaka arobaini ipite kwanza, waambieni. Na kaka akikubali, asijibu yeye kwa ukubwa wake. Aitwe yule aliyemuuguza mama usiku.