Mwanangu, Waulize Waliokataa Siku Zile

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mume wako na kwa wajukuu zangu. Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia, maana swali lake si la kujibiwa kwa haraka. Unasema umeanza kuwaonyesha watoto filamu za zamani, zile nilizokuwa nikikusimulia ulipokuwa mdogo, na kila mara unafika mahali mkono wako unatafuta rimoti. Mtumishi Mweusi anafanywa kichekesho. Mwanamke anapigwa kofi na mtazamaji anatakiwa acheke. Mzungu amepakwa rangi ili awe Mchina. Mume wako anakwambia uache, kila filamu ihukumiwe kwa maadili ya siku zake. Moyo wako unakataa, ila hoja ya kumjibu huna. Ndipo ukaniuliza kama ni haki kuwapima watu wa mwaka 1939 kwa kipimo cha leo.

Mwanangu, hata usihangaike na kipimo cha leo. Kipimo cha siku zile kinatosha, mradi ukichukue kizima. Anayesema "ndivyo watu walivyofikiri wakati ule" huwa amewahesabu baadhi ya watu tu. Aliyekuwa akidhihakiwa kwenye kioo naye alikuwa mtu wa wakati ule, alikuwa na mawazo yake, na mara nyingi aliyasema kwa sauti.

Chukua filamu ya Kimarekani The Birth of a Nation, ya mwongozaji D. W. Griffith, ya mwaka 1915. Ufundi wake ulikuwa mkubwa, hilo sibishi. Lakini inalionyesha kundi la Ku Klux Klan, Wazungu wabaguzi waliowatisha na kuwaua Weusi, kama mashujaa wanaokuja mbio juu ya farasi kuwaokoa Wazungu kutoka kwa Weusi, na wengi wa Weusi hao ni Wazungu waliojipaka masizi usoni. Je, madhara yake hayakujulikana? Mwaka huohuo NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi kilichokuwa kimeanzishwa 1909, kilipigania izuiwe. Mjini Boston mwanahabari William Monroe Trotter aliongoza watu kuipinga hadi akakamatwa. Kabla mwaka haujaisha, William Simmons akapanda Stone Mountain huko Georgia na wenzake, wakachoma msalaba na kulifufua lile kundi lililokuwa limekwisha kufa. Kuchoma msalaba haikuwa desturi ya Klan ya kwanza. Waliitoa kwenye riwaya na kwenye filamu hiyo iliyotokana nayo. Trotter na wenzake walikuwa wameliona hilo likija, nao walikuwa watu wa 1915 kama Griffith.

Kisha mwaka 1920 mwongozaji Mweusi, Oscar Micheaux, akatoa Within Our Gates, iliyothubutu kuonyesha familia ya Weusi ikinyongwa na genge la Wazungu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa imepotea, mpaka nakala moja ikapatikana Hispania. Hiyo nayo ni filamu ya zamani, yenye maadili ya wakati ule. Inaniuma kwamba tunapotaja "wakati ule" tunamtaja Griffith peke yake, kana kwamba Micheaux alishuka kutoka mbinguni.

Sasa nije kwenye ile iliyowagombanisha, Gone with the Wind ya 1939, kisa cha binti wa mashamba ya watumwa kusini mwa Marekani. Ilipokuwa inatengenezwa, Walter White wa NAACP alimwandikia mtayarishaji, David O. Selznick, kumweleza wasiwasi wake. Magazeti ya Weusi nayo yakapiga kelele. Selznick aliondoa lile tusi baya kabisa la Weusi lililokuwa kwenye mswada, lakini picha ya watumwa wenye furaha, wanaolilia mabwana zao, akaiacha. Huyu ni mtu aliyeambiwa, akasikia nusu. Mlaumu kwa ile nusu aliyoiacha, na ile aliyoiondoa mpe stahili yake. Filamu ilipotoka, mwandishi wa tamthilia Carlton Moss alimwandikia barua ya wazi kuonyesha jinsi kila mhusika Mweusi alivyodunishwa. Malcolm X, mpigania haki za Weusi, naye ameeleza katika simulizi ya maisha yake jinsi alivyoitazama akiwa kijana, Mweusi pekee katika ukumbi wa sinema wa mji wa Mason, Michigan. Alipotokea Butterfly McQueen, mwigizaji Mweusi aliyepewa nafasi ya mjakazi, na vituko vyake, alitamani kuingia chini ya zulia.

Msomee mume wako habari hiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ukumbi ule ulikuwa umejaa watu waliolala kwingine.

Ipo pia Sanders of the River ya 1935, ya Waingereza, inayomsifu afisa wa kikoloni anayewatuliza Waafrika kwa maneno machache na bunduki. Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi Uingereza wakati huo, alishiriki kama mwigizaji wa ziada. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi wa Marekani, alikubali kuigiza chifu akiamini utamaduni wa Afrika ungeheshimiwa, na alipoona walichokitoa alikasirika na baadaye akaikana. Marcus Garvey, mwanaharakati wa Weusi, alimlaumu Robeson hadharani. Yaani hata aliyekuwa ndani ya filamu aliikataa, halafu leo sisi tuitetee kwa jina la enzi zake?

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba sinema ya zamani haikukosa maadili. Ilikuwa nayo kwenye karatasi. Hollywood ilijiwekea kanuni mwaka 1930, ikaanza kuzisimamia kwa ukali 1934, na zikadumu mpaka 1968. Kanuni hizo zilichunga busu na mavazi, na zilitaka mhalifu asiachwe afaidi uhalifu wake. Zilikataza pia mapenzi kati ya Mweusi na Mzungu, na studio zikaziogopa hata kwa watu wa rangi nyingine. Anna May Wong, Mmarekani wa asili ya Kichina, nyota anayejulikana kote, aliitamani nafasi ya mke katika The Good Earth, filamu ya 1937 kuhusu wakulima wa China. Mume alikuwa ameshapangwa kuwa Paul Muni, Mzungu aliyerembwa afanane na Mchina, kwa hiyo mke naye akatafutwa Mzungu. Luise Rainer akaigiza Mchina na kupata Oscar. Waliona hatari katika busu, wasione aibu katika uso uliopakwa rangi. Watu hao walijua kuhukumu, mwanangu. Walihukumu kila siku, kwa mkasi mkononi. Ndiyo maana siwezi kuona kosa tukiwauliza kwa nini mkasi ule ulikata hapa usikate pale.

Lakini nisikupe fimbo ya kumpiga kila aliyekufa. Kuna kutojua na kuna kutosikiliza, na viwili hivyo havilipwi sawa. Katika filamu za miaka ya 1930 na 1940 karibu kila steringi ana sigara mdomoni. Ushahidi mzito wa madaktari kwamba sigara huleta saratani ya mapafu ulianza kutoka 1950, na tamko kubwa la serikali ya Marekani likaja 1964. Mwongozaji wa 1942 aliyeipamba sigara hakujua, na kumkasirikia ni uonevu. Kampuni na waandishi walioendelea kuipamba baada ya kuambiwa, hao ni habari nyingine. Vivyo hivyo usimweke mtazamaji wa kawaida kwenye kizimba kimoja na mtayarishaji. Aliyekata tiketi aende kupumzika baada ya kazi hakuandikiwa barua na Walter White.

Kwa wanawake shauri ni gumu zaidi, na hapa nakuomba uwe na subira na mimi. Katika Gone with the Wind hiyohiyo, Rhett anambeba mkewe Scarlett, yule binti wa kisa chenyewe, kupanda ngazi naye akijitahidi kujinasua, na asubuhi yake tunaonyeshwa mwanamke anayetabasamu kitandani. Ni nani angepinga, na angekwenda kushtaki wapi? Uingereza ilingoja hadi 1991 ndipo mahakama yake ya juu ikatamka kwamba mume anaweza kuwa na hatia ya kumbaka mkewe. Sheria ilipofunga mlango namna hiyo, kimya cha mke hakiwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa. Waliotunga tukio lile nawalaumu kidogo kuliko ninavyomlaumu Griffith, kwa sababu dunia yao nzima iliwasaidia wasione. Tukio lenyewe silisamehe. Watoto waambiwe wazi kwamba yule mwanamke alikuwa akikataa, na tabasamu la asubuhi aliandikiwa na mtu mwingine.

Kuna mahali ambapo utetezi wa wakati haunigusi hata kidogo, nako ni pale dhuluma isipoigizwa, ikatendwa kweli mbele ya kamera. Mwaka 1936, katika The Charge of the Light Brigade, farasi walitegewa nyaya ili waanguke vizuri machoni, na wengi wakafa. Kilio cha watu kilikuwa kikubwa, na Uingereza ikatunga sheria 1937 kuzuia filamu zilizotengenezwa kwa ukatili kwa wanyama. Kibaya zaidi kwangu ni kisa cha Maria Schneider. Alikuwa na miaka 19 alipoigiza Last Tango in Paris ya 1972. Kuna jambo katika tukio la kubakwa ambalo mwongozaji Bernardo Bertolucci na mwigizaji mwenzake Marlon Brando walilipanga bila kumwambia mapema. Schneider alisema miaka mingi baadaye kwamba machozi yake mle yalikuwa ya kweli na kwamba alijisikia kudhalilishwa. Mwaka 2013 Bertolucci alikiri kumficha, kwa kuwa alitaka aone fedheha ya msichana badala ya uigizaji. Kumdanganya binti ili umwumize halikuwa jambo jema 1972 wala mwaka wowote ule. Filamu hiyo siitazami tena, na anayenishawishi kwa kuusifu uzuri wa picha zake anapoteza muda wake.

Usije ukafikiri basi nataka zote zifukiwe. Ndani ya Gone with the Wind yumo Hattie McDaniel, binti wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Filamu ilipozinduliwa Atlanta mwezi Desemba 1939 hakuhudhuria, kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Februari 1940 akawa mtu Mweusi wa kwanza kupata Oscar, na usiku huo alikaa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake, katika hoteli ambayo Selznick ilimbidi aombe ili aruhusiwe kuingia. Alipofariki 1952 hata makaburi ya Hollywood aliyotaka kuzikwa yalimkataa. Mtazame vizuri katika ile filamu. Maneno aliyopewa ni ya kumdunisha, naye anayasema kwa hadhi inayowashinda walioyaandika. Tukiifukia filamu kwa nia njema tutakuwa tumemzika mara ya pili. Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2020, pale HBO Max, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, ilipoiondoa kwa muda mfupi mwezi Juni kisha ikairudisha nzima, ikitanguliwa na maelezo ya Jacqueline Stewart, mtaalamu wa historia ya filamu. Hawakukata kitu, wala hawakumwacha mtazamaji peke yake. Kukata kimyakimya nakupinga sana, kwa sababu kunamsafisha mtengenezaji na kunafuta ushahidi wa aliyelalamika.

Ukitaka kujua kama wewe mwenyewe unasikiliza, usijipime kwa Griffith, huyo ni rahisi. Jipime kwa filamu za karibuni. Mwaka 2006 ilitoka The Da Vinci Code, na muuaji wake ni mtu mwenye ualbino, kama wauaji na majini wengi wa sinema kabla yake. Watu wenye ualbino wa Marekani walilalamika kupitia chama chao. Walikuwa wanasema wamechoka kuona rangi ya ngozi yao ikitumiwa kama alama ya uovu. Mamilioni waliitazama wakaenda nyumbani. Hao wameshasema, wamesema katika wakati wetu, na wajukuu wako hawataweza kudai kwamba hatukuambiwa.

Kwa hiyo, kwa watoto, ningefanya hivi. Hiyo ya 1915 iache kabisa mpaka wafike umri wa kusoma historia, na siku hiyo waonyeshe pamoja na ya Micheaux, ile moja isikae chumbani peke yake. Gone with the Wind, yule mtoto mkubwa anaweza kuiona sasa, ukiwa umekaa naye, ukimwambia kabla haijaanza habari za McDaniel na za kijana wa Mason. Usiisimamishe kila dakika kumhutubia, mwache aipende anapoipenda. Akicheka pale pa McQueen usimgombeze, mwulize tu yule kijana mmoja ukumbini alikuwa anahisi nini. Mdogo bado, kwake zipo nyingi nyingine zisizo na kasoro hiyo.

Na mume wako mwambie namsalimu, na kwamba sijamwona kuwa mtu mbaya kwa hoja yake. Anachotetea ni huruma kwa waliopita, nami nauheshimu moyo huo. Namwomba tu aieneze huruma hiyo mpaka kwa waliokuwa wameketi upande wa pili wa ukumbi. Akiwa bado anabisha, anipigie simu Jumapili, tutaongea.

Wako akupendaye,
Mama