Mjukuu hapati usingizi bila simu

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka 3, hapa Dodoma mjini, hali uji wala halali bila kushikishwa simu, na asubuhi huamka akifikicha macho. Je, ni mionzi? – Bibi, Kikuyu

JIBU: Shikamoo, bibi. Ushahidi unaohusisha mionzi ya simu na saratani bado ni hafifu. Mimi nahofia zaidi usingizi wake, kwa sababu Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri huo asitazame kioo cha simu au runinga zaidi ya saa 1 kwa siku, na alale jumla ya saa 10 hadi 13. Jioni ificheni simu, acheze uani kivulini mwa mwarobaini, na macho yakiendelea kumsumbua mpelekeni kituo cha afya akapimwe.