Kiolezo cha tovuti kinapotumiwa na skripti

Mwanzoni mwa kazi hii utapewa skripti ya kutuma barua pepe usiku au kutoa ripoti ya wiki, na kiolezo cha HTML (ukurasa wenye nafasi za kujazwa data) kipo tayari kwenye programu ya wavuti. Kitumie hichohicho. Usikinakili, maana mtu akibadilisha nembo upande mmoja, upande wa pili utabaki na ya zamani.

Ila jua kwamba kiolezo hicho kimezoea kuhudumiwa. Kivinjari kinapoleta ombi, programu hukipa mtumiaji aliyeingia, lugha yake na anwani ya tovuti bila wewe kuandika chochote. Kwenye skripti hakuna ombi. Katika Django, mfumo wa Python wa kujenga tovuti, ukiita `render_to_string` (ijazayo kiolezo) bila `request`, yaani ombi, vigeu vinavyoongezwa na `context_processors`, vipande vinavyoongezea kila kiolezo data ya pamoja, havifiki. Na kigeu kilichokosekana hakilalamiki: huchapwa kama nafasi tupu, mteja akaamkia barua inayosema "Habari ,". Kwa Jinja2, injini nyingine ya violezo, weka `StrictUndefined`, ambayo hutoa kosa kigeu kikikosekana. Heri skripti ife usiku na wewe uone kosa.

Viungo navyo vina mambo yake. `reverse` ya Django hurudisha njia tu, mfano `/oda/15/`, ambayo ndani ya barua pepe haifiki popote. `url_for` ya Flask, mfumo mwingine wa tovuti unaotumia Jinja2, nje ya ombi hudai `app_context` (mazingira ya programu iliyopakiwa) pamoja na `SERVER_NAME`, jina la tovuti, kwenye mipangilio.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni usalama. Wageni wengi wa kazi hii huunda `Environment` ya Jinja2, yaani kitu kinachopakia violezo na mipangilio yake, kwa mistari miwili, ukurasa unatoka, wanafurahi. Lakini `Environment` hiyo, usipoiambia, haigeuzi alama kama `<` kuwa `<`; Flask ndiyo iliyokuwa ikiiwashia kinga hiyo kwa faili za `.html`. Mtu aliyejaza msimbo mahali pa jina lake, msimbo huo utapita ulivyo. Vichujio (vitendaji vya kubadili data ndani ya kiolezo) mlivyojiandikia pia havitakuwemo. Ndiyo maana napendelea kuipakia programu yenyewe: Flask kwa `app_context`, Django kwa amri mnayoiongeza kwenye `manage.py`, ambayo huandaa mipangilio yote. Huchelewa kidogo kuanza, vumilia.

Halafu cron, programu inayoendesha skripti kwa ratiba. Yenyewe huanzia kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, si folda ya mradi, kwa hiyo njia fupi kama `picha/nembo.png` haitaonekana. Jenga njia zako kutoka `__file__`, yaani mahali faili ya skripti ilipo, kisha ijaribu skripti ukiwa kwenye folda nyingine kabisa.