"Bilioni" katika vitabu vya zamani vya Kiingereza ina sifuri ngapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini kitabu chako cha London kinasema mark mpya ya Ujerumani ya mwaka 1923 ilibadilishwa kwa mark za karatasi bilioni moja, na kile cha Marekani kinasema trilioni moja. Havipingani. Vyote vinataja moja yenye sifuri 12.

Nimetafsiri nyaraka za zamani kwa miaka mingi na jambo hili halikosi. Mfaransa Nicolas Chuquet, mwaka 1484, aliandika majina yanayopanda kwa sifuri sita sita: bilioni ni milioni mara milioni, trilioni sifuri 18. Waingereza wakafuata, mwanafalsafa wao John Locke mwaka 1690 aliyapanga hivyo hivyo mpaka nonilioni.

Sasa milioni elfu moja iitweje? Wengi wao walisema tu "milioni elfu", lakini wapo walioazima "milliard" ya Kifaransa, neno ambalo Kiingereza cha leo kimelitupa. Utalikuta sana kwenye maandishi kuhusu fidia ambayo Ufaransa ilitozwa baada ya kushindwa na Ujerumani mwaka 1871: "milliard" tano za faranga. Kwetu leo hizo ni bilioni tano.

Wamarekani walishika mtindo wa sifuri tatu tatu (bilioni sifuri tisa, trilioni sifuri 12), nao waliutoa kwa Wafaransa hao hao, waliokuwa wameuacha ule wa Chuquet! Baadaye Ufaransa ikarudi rasmi kwenye ule wa zamani mwaka 1961, ikawaacha wanafunzi wake njiani.

Uingereza iligeuka kinyume chake. Tarehe 20 Desemba 1974 waziri mkuu Harold Wilson aliulizwa bungeni kama mawaziri wake wangebaki na bilioni ya sifuri 12. Akakataa, kwa kuwa dunia ilishazoea ile ya sifuri tisa. Kwa hiyo kitabu cha Uingereza cha kabla ya hapo usikiamini mpaka uone tarakimu zenyewe. Cha baada ya hapo pia kina hatari kidogo, maana wazee wa huko hawakuacha siku moja.

Kwa nyaraka za Kifaransa kutoka Kongo au Burundi kazi ni rahisi: "milliard" yao iandike bilioni, na "billion" yao, ukiikuta, iandike trilioni.

Na Kiingereza chenyewe hakijaizika kabisa. Madalali wa fedha za kigeni bado huita bilioni moja "yard", kipande kilichobaki cha "milliard".