Kutazama ndege kwa siku moja: Amani mlimani, Ngezi kisiwani

Siku moja haitoshi kuona kila kitu. Chagua ndege watatu au wanne unaowataka kwa dhati, umtajie mwongozaji kabla hujalipa chochote. Akikuhakikishia kwamba wote wataonekana, tafuta mwingine. Anayeijua kazi yake kwanza atakuuliza unakuja mwezi gani, utalala wapi, na kama magoti yako yanastahimili mteremko.

Kwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, lala Muheza. Ukilala Tanga mjini utakuwa umeshapoteza saa nzuri. Kutoka Muheza hadi Amani ni yapata kilomita 35, lakini kona ni nyingi, na masika udongo mwekundu huteleza vibaya, kwa hiyo ulizia gari linalovuta magurudumu yote manne. Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Anzia chini, Sigi, kwenye mita 450 hivi, kwa sababu huku juu ukungu mara nyingi hukaa hadi saa tatu na ndege huchelewa kuchangamka. Chini utamtafuta shorobo wa Fischer na hondohondo, ambao mabawa yao husikika kabla hawajaonekana. Kisha panda Amani, mita 900 na zaidi, umfuate yule ndege mshonaji mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui. Jina lake linamkumbuka Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani. Ni ndege mdogo wa kijivu asiye na urembo wowote, na watu huvuka bahari kuja kumwona. Usimtafute katikati ya msitu mnene. Anapenda pindo la msitu na pale mti ulipoanguka, mwanga ukaingia na mitambaa ikajisokota. Simama hapo, sikiliza mlio unaorudiwarudiwa, ngoja.

Kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Msitu unaweza kukaa kimya nusu saa nzima, halafu kundi la ndege mchanganyiko likapita juu yako kwa dakika tano. Dalili yake mara nyingi ni mlamba, ndege mweusi, anayepiga kelele. Ukimsikia, usikimbie, sogea hatua chache mpaka penye uwazi wa kuona matawi, kisha tulia, kundi lenyewe litakuja. Siafu nao wana faida yao: wakitambaa sakafuni, wadudu hukurupuka na ndege wa chini hufuata mlo. Ingiza suruali ndani ya soksi, kaa mita tatu nne pembeni ya msafara wao, na angalia nyayo zako kila mara, maana wana kawaida ya kutawanyika.

Kikundi kisizidi watu sita kwa mwongozaji mmoja. Kwenye njia nyembamba, wa saba huona mgongo wa wa sita tu.

Darubini ya 8x42 inatosha. Nambari ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8 upate 5 na ushei: huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni, na msituni alfajiri unauhitaji wote. Ile ndogo ya 10x25 hutoa milimita 2.5; ufukweni ni sawa, chini ya miti inakuwa giza. Ukuzaji wa 10 pia huongeza mtikisiko wa mikono na kwa kawaida hupunguza eneo unaloliona, kwa hiyo ndege anayerukaruka hukupotea.

Irekebishe kabla ya kuondoka. Kunja mirija mpaka uone duara moja. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati hadi jani litokee bayana kwa jicho la kushoto. Kisha funga la kushoto, na safari hii zungusha pete ya lenzi ya kulia peke yake. Pete usiiguse tena siku nzima. Mwenye miwani akunje vikombe vya macho. Ndege akitokea, macho yabaki kwake huku mikono ikileta darubini usoni. Ukiinama kuitafuta, umempoteza. Na usiiache mbele ya kiyoyozi cha gari, kwa sababu ukishuka kwenye joto lenye unyevu lenzi hupata ukungu mnapohitaji kuona.

Jambo jingine la kukubaliana mapema: mwongozaji huuchukulia mti kama uso wa saa, na akisema ndege yuko "saa tatu" ya mti, anamaanisha tarakimu 3 au mahali mshale unapokuwa saa tatu asubuhi? Kundi zima limewahi kutazama upande usio wake. Kubalianeni kutaja tarakimu.

Kuhusu sauti za simu: kumchezea ndege mlio wake mara moja au mbili, sekunde chache, wengi tunavumilia. Kuurudia dakika kumi humfanya aache kulisha makinda ili apigane na adui asiyekuwepo. Mwongozaji asiyejizuia hapo mkataze.

Pemba ina ndege wanne wasiopatikana popote pengine duniani: bundi mdogo Otus pembaensis, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Watatu wa mwisho wanaonekana mchana bila shida kubwa, hata mashambani, kinengenenge utamchoka. Bundi ndiye mtihani. Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, mwongozaji wa msitu hujua anakolala, lakini huhama. Huishi pia kwenye mikarafuu, hivyo ulizia huko. Usimwashie mwanga wa kamera.

Ukitaka pia ndege wa pwani, kati ya Septemba na Aprili, soma maji kwanza. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, hujaa alasiri, karibu saa kumi, na saa mbili kabla ya hapo ndege husukumwa kutoka mbali hadi karibu nawe. Maji yakiwa yametoka kabisa, utaona vitone tu kwenye upeo. Maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo tu, hugeuza ratiba: kujaa huangukia asubuhi, wakati uleule unaoutaka kuwa msituni. Hapo chagua kimoja. Bundi naye huita jioni, kwa hiyo anayemtaka kweli alale Konde au Wete, asikate tiketi ya kurudi Unguja siku hiyohiyo.