Ukienda tamasha la Kiyahudi Kraków, anzia makaburini

Kila kiangazi, mtaa wa Kazimierz mjini Kraków, Poland, hujaa vijana waliofuata Tamasha la Utamaduni wa Kiyahudi. Lilianza mwaka 1988, na waasisi wake, Janusz Makuch na Krzysztof Gierat, wenyewe si Wayahudi. Kwa hiyo usiogope kwamba utaonekana mgeni asiyealikwa. Muziki wa klezmer, ule wa jadi wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, utakuinua kitini, hilo sina shaka nalo. Lakini ukicheza tu ukaondoka, utakuwa umeshangilia watu usiowajua.

Mimi nilianzia makaburi ya Remuh, kwenye barabara ya Szeroka, na ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza. Amezikwa pale rabi Moses Isserles, aliyefariki mwaka 1572. Juu ya kaburi lake utaona vijiwe, kwa sababu Wayahudi huacha jiwe pale ambapo wengine wangeweka maua. Kisha tazama ukuta: umejengwa kwa vipande vya mawe ya makaburi yaliyovunjwa, herufi za Kiebrania zimekatikia njiani. Nilisimama hapo muda mrefu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Wayahudi zaidi ya 60,000 waliishi mji huu. Vuka mto Vistula hadi Podgórze, walikofungiwa na Wanazi, ukatembee kati ya viti vitupu vya chuma vilivyowekwa uwanjani kuwakumbuka.

Ijumaa jioni tafuta mlo wa Sabato. Uliza mapema kama waandaaji wanapokea wageni, maana nafasi hujaa. Vaa kwa heshima. Mwanamume afunike kichwa. Simu iache mfukoni, na picha usipige hata kama mishumaa inakuvutia. Sabato huanza jua likizama, na kiangazi huzama karibu saa tatu usiku, basi usifike na njaa kali. Divai hubarikiwa kwanza, mkate ukiwa bado umefunikwa kitambaa. Mzee aliyeketi mbele yangu aliumega, akachovya kipande kwenye chumvi, akanipa kabla sijajua jina lake. Tuliimba hadi usiku. Maneno nilikuwa siyajui, wakanionyesha kwa kupiga meza pa kuingilia.

Jambo moja zaidi. Madukani utakuta vinyago vya Myahudi ameshika sarafu, vinauzwa eti vinaleta pesa. Usinunue. Ni kejeli ya zamani dhidi ya watu waliokukaribisha mezani. Ukitaka zawadi ya kupeleka nyumbani, nunua santuri za wanamuziki waliopanda jukwaani.