Uzio Kwanza, Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza Santiago Bernabéu alikuwa mchezaji wa kiwango gani, maana kila siku unapita mbele ya uwanja wenye jina lake hapo Madrid, na kwenye orodha za wafungaji wakubwa humwoni. Nikujibu upesi ili tupite. Alizaliwa Almansa mwaka 1895, akaingia timu ya vijana ya klabu ya Real Madrid mwaka 1909, akacheza mbele, akavaa kitambaa cha unahodha, akatundika daluga mwaka 1927. Alikuwa mshambuliaji mzuri, lakini si mabao yake yaliyoupa uwanja ule jina. Mimi ningetaka uniulize alifanya nini na nyundo.

Mwaka 1912 klabu ya Madrid ilipata kiwanja mtaa wa O'Donnell. Wachezaji wenyewe walitia mkono kwenye kazi ya kukizungushia uzio, na Bernabéu, kijana wa miaka 17, alikuwa mmoja wao. Usiupite uzio huo haraka. Kiwanja kisicho na uzio hakina mlango, kisicho na mlango hakina kiingilio, na bila kiingilio kodi ya kiwanja, mipira na nauli ya treni vinatoka mifukoni mwa wachezaji. Siku mifuko ikikauka, timu inakufa. Ndiyo maana nasema kila siku, na utanisikia nikisema tena: klabu isiyo na uwanja wake ni mpangaji, na mpangaji hapangi maisha yake.

Alipoacha kucheza aliingia kwenye uongozi. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, 1936 hadi 1939. Vilipokwisha, uwanja wa klabu wa Chamartín uliofunguliwa mwaka 1924 ulikuwa magofu, mbao zake zimechomwa kuni. Ilibidi kuanza upya kutafuta wachezaji, wanachama na fedha.

Sasa naingia mahali ambapo babu yako hakutaka paguswe mezani, unakumbuka. Juni 1943, nusu fainali ya Kombe la Generalísimo, kombe la taifa lililobeba cheo cha Franco, dikteta wa Hispania. Barcelona ilishinda nyumbani 3-0. Wiki moja baadaye, Chamartín, Madrid ikashinda 11-1. Hadi mapumziko ilikuwa tayari 8-0! Watazamaji walimrushia vitu kipa wa Barcelona hadi akaogopa kusimama karibu na goli lake. Mimi ni mtu wa Madrid tangu hujazaliwa, na matokeo yale siwezi kuyasherehekea. Mpira wa haki hauendi mapumziko 8-0 baina ya timu mbili za namna ile. Madrid yenyewe haikufaidika, maana kwenye fainali ilifungwa na Athletic Bilbao 1-0. Marais wa klabu zote mbili wakaondoka, na Septemba mwaka huohuo Bernabéu akachaguliwa kuiongoza Madrid. Aliingia kwa mlango uliofunguliwa na aibu ile. Hilo halifutiki, wala sitaki ulifute.

Na yeye akafanya nini? Alirudi kwenye uzio.

Mwaka 1944 klabu ilikopa benki ikanunua ardhi pembeni ya uwanja wa zamani. Fedha za ujenzi akazitafuta kwa wanachama: klabu ikauza hati za mkopo, mwanachama anaikopesha klabu yake, naye analipwa kidogo kidogo. Ujenzi ulianza Oktoba 1944 kwa michoro ya Manuel Muñoz Monasterio na Luis Alemany Soler. Tarehe 14 Desemba 1947 uwanja ukafunguliwa kwa mechi na Os Belenenses ya Ureno, Madrid ikashinda 3-1. Bao la kwanza alifunga Sabino Barinaga, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa wafungaji wa zile 11. Zitazame hesabu za majukwaa: nafasi 75,145, na kati ya hizo 47,500 ni za kusimama. Aliyesimama anachukua nafasi ndogo na tiketi yake ni nafuu, kwa hiyo fundi na kibarua wanaweza kuja kila wiki. Wakati ambao televisheni ilikuwa hailipi senti, mapato ya mlangoni ndiyo yaliyokuwa damu ya klabu.

Watu walimwona amerukwa na akili. Klabu ilikuwa haijatwaa ligi tangu 1933, inajenga uwanja mkubwa hivyo wa nini? Na msimu huohuo wa ufunguzi, timu ikamaliza ya 11 kati ya timu 14, ikaponea chupuchupu kushuka daraja. Zege jipya, timu mbovu. Hapo ndipo viongozi wengi wangeuza ardhi. Yeye alishikilia, akaupanua mpaka ukachukua zaidi ya watu 120,000.

Fedha za mlangoni ndizo zilizompa ubavu wa kumgombea mshambuliaji wa Argentina, Alfredo Di Stéfano, mwaka 1953. Kesi ile usiisikilize juu juu. Kwa mapatano ya wakuu wa soka yaliyofanyika Lima, Millonarios ya Colombia ilikuwa na haki naye hadi mwisho wa 1954, na River Plate ya Argentina kuanzia 1955. Barcelona ikapatana na River, Madrid ikapatana na Millonarios. Kila mmoja amenunua nusu ya mtu! Shirikisho la Hispania likaamua wamchezeshe kwa zamu, msimu huku, msimu kule. Barcelona ikakataa, ikajitoa, ikarudishiwa fedha zake. Madrid ikatwaa ligi msimu huohuo, kisha Kombe la Ulaya mara tano mfululizo, 1956 hadi 1960. Je, uamuzi ule ulikuwa wa haki? Kila nikisema ndiyo, nakumbuka ilikuwa Hispania ya nani. Nikisema hapana, nakumbuka Barcelona ilijitoa yenyewe. Basi naweka kalamu chini, nainyanyua tena.

Jina lake lilipewa uwanja Januari 1955, akiwa hai, akiwa bado rais. Alibaki rais hadi alipofariki tarehe 2 Juni 1978.

Najua utaniuliza kama alikuwa mtu mwema. Katika vita alipigana upande wa Franco, hilo lijue. Ulimi unaniwasha nitoe hukumu, na umenijua tangu utotoni, siwezi kunyamaza. Ila hapa nauzuia, maana bado kuna jambo moja linalonichoma.

Mei 1964, jijini Vienna, Inter ya Italia iliifunga Madrid 3-1 kwenye fainali ya Kombe la Ulaya. Di Stéfano alikuwa anakaribia miaka 38. Bernabéu alimtaka abaki klabuni kwa kazi nyingine, si uwanjani. Di Stéfano akataka kucheza. Akaondoka kwenda Espanyol, na urafiki ukavunjika. Ubaya ni kwamba Bernabéu alikuwa na boti yake ya kuvulia samaki huko Santa Pola, pwani ya Hispania, na ubavuni mwa boti ile lilisomeka jina la utani la Di Stéfano: La Saeta Rubia, mshale wenye nywele za dhahabu.

Mama yako